Kamba kupandana kwenye winchi wakati wa kubisha: tatizo ni mizunguko, ni kamba au ni winchi yenyewe?

#1 Deki_Mtwapa
Wakuu, habari za jioni. Nimepata kazi ya deki kwenye yoti ya futi 42 hapa Mtwapa. Nimekulia kwenye mashua za foromali (ule mti unaobeba tanga), kwa hiyo upepo na kamba si vitu vigeni kwangu. Kigeni ni winchi, ile ngoma ya chuma ya kukazia kamba za tanga.

Shida yangu iko hivi. Tukitoka nje ya mwamba na kusi limekaza, kila tukibisha (kugeuza chombo ili tanga lihamie upande wa pili), kamba ya jenoa, lile tanga kubwa la mbele, inapandana kwenye winchi ya kushoto. Ile sehemu inayotoka kwenye tanga na mzigo wote inapanda juu ya mzunguko ulio juu yake na kuubana kwenye ngoma. Hapo huwezi kukaza wala kulegeza, na tanga linavuta tu.

Nahodha anasema nazungusha mara nyingi mno kabla ulegevu haujaisha. Fundi wa yadi anasema winchi imefungwa vibaya. Jamaa aliyefanya kazi hii kabla yangu anasema kamba imechoka. Upande wa kulia haijatokea hata mara moja. Nani mkweli? Na ikishabana, naifunguaje nikabaki na vidole vyangu?

#2 KusiKali
Uzi wa maana huu. Naweka kambi hapa.

#3 Fundi_Roda
Fundi wa yadi yuko karibu na ukweli. Chuchumaa nyuma ya winchi utazame kamba inavyoingia kwenye ngoma. Inatakiwa itokee chini kidogo, ipande kuelekea ngoma kwa pembe ndogo, nyuzi 5 hadi 10 hivi. Ikija hivyo, kila mzunguko mpya unakaa chini na kuisukuma mingine juu kwa utaratibu. Ikija bapa kabisa, au mbaya zaidi ikitokea juu, inaukwea mzunguko jirani.

Kwa kuwa ni upande mmoja tu, angalia kapi ya kwenye reli, ile inayoiongoza kamba kwenda kwenye winchi. Mara nyingi mtu huisogeza ya upande mmoja akasahau ya pili. Kapi ikisogea karibu na winchi, pembe inabadilika. Kama kapi ziko sawa, basi winchi inahitaji kabari ya mbao ngumu chini ya kitako chake.

#4 NahodhaWaPili
Fundi_Roda, pembe nakubali, ila asilimia kubwa ya kamba kupandana nilizoziona zilitoka mkononi mwa mtu. Kijana anaweka mizunguko minne mapema ili awe tayari, halafu anavuta kamba iliyolegea. Kamba iliyolegea haikai mahali pake kwenye ngoma, inachezacheza. Upepo unaingia kwenye tanga ghafla, mzigo unaikuta imekaa ovyo, imekwisha.

Dawa yake: anza na miwili, vuta kwa mikono haraka hadi uhisi uzito. Ongeza wa tatu, vuta tena. Ongeza wa nne, ndipo utie mpini. Msaidizi mzuri anamaliza robo tatu ya kazi kabla mpini haujatoka kwenye mfuko wake.

#5 Deki_Mtwapa
Fundi_Roda, nimekwenda kutazama na tochi sasa hivi. Kapi ya kushoto iko nyuma matundu mawili kuliko ya kulia. Hakuna anayekumbuka nani aliisogeza.

#6 Fundi_Roda
Nilijua.

#7 NahodhaWaPili
Usifurahi mapema fundi. Matundu mawili kwenye reli ni kama sentimita ishirini tu. Kwenye chombo cha futi 42 pembe haibadiliki kiasi cha kuleta balaa hilo kila safari.

#8 msomi_wa_namba
Niongezee hesabu kidogo, labda itamsaidia mtoa uzi kuelewa kwa nini idadi ya mizunguko si jambo la mazoea tu. Nguvu ya kushikilia kamba iliyozungushwa kwenye ngoma haipungui kwa kutoa, inapungua kwa kugawanya kila unapoongeza mzunguko. Hii ni hesabu ya zamani, Euler aliiandika karne ya 18.

Chukulia tanga linavuta kilo 300, na msuguano wa kamba na ngoma uwe 0.2. Mzunguko mmoja, mkono wako unabaki na kilo 85 hivi. Miwili, kilo 24. Mitatu, kilo 7. Minne, kilo 2. Ndiyo maana mtoto anaweza kushikilia tanga kubwa kwa mkono mmoja.

Sasa punguza msuguano uwe 0.1, yaani kamba inayoteleza au ngoma iliyolainika. Mizunguko ileile mitatu inakuachia kilo 45. Minne inakuachia kilo 24. Aliyezoea winchi ya kulia akihamia ya kushoto iliyolainika, mizunguko mitatu inaweza kumponyoka. Kwa hiyo ataongeza wa nne na wa tano kwa kujihami, na hapo anaangukia kwenye kosa alilosema NahodhaWaPili. Deki, hebu pitisha kiganja kwenye ngoma zote mbili utuambie ipi ina ukwaru.

#9 KusiKali
Msomi, umenikumbusha mwalimu wangu wa fizikia. Angetupa mfano huu tungefaulu wote.

#10 mvuvi_wa_Shimoni
Mimi nasema tatizo ni rahisi kuliko mnavyolifanya. Winchi ya kushoto inatakiwa kamba izungushwe kinyume na ile ya kulia. Nimeona kwenye meli.

#11 BintiPate
Hapana kaka. Kwenye yoti winchi zote, kushoto na kulia, kamba inazungushwa kufuata mshale wa saa. Ndani mna meno yanayozuia ngoma isirudi nyuma, nayo yanaruhusu upande mmoja tu. Ukizungusha kinyume, ngoma itazunguka bure na kamba itakimbia yote. Ulichokiona kwenye meli ni winchi ya mota inayoendeshwa pande zote mbili. Hicho ni chombo kingine.

Jambo moja ambalo wengi hawamwambii mgeni: mpini ndio unaozungushwa pande mbili kwenye winchi ya gia mbili. Upande mmoja haraka, upande wa pili polepole na kwa nguvu zaidi. Ngoma yenyewe inakwenda upande uleule siku zote.

#12 mvuvi_wa_Shimoni
Nimekuelewa dada. Asante.

#13 BintiPate
Deki, swali lako la vidole ndilo ningeanza nalo. Nimefanya kazi kwenye yoti za kukodisha Unguja, na kitu cha kwanza tulichomfundisha mgeni kabla ya kumpa kamba ni jinsi ya kuishika.

Kunja ngumi juu ya kamba, kidole cha mwisho ndicho kiwe upande wa ngoma na dole gumba liwe upande wa mbali. Kamba ikivuta ghafla, kinachogonga ngoma ni ukingo wa kiganja, utaumia lakini utatoka. Ukishika dole gumba likiwa mbele, ndilo linaloingia kwanza kati ya kamba na ngoma. Mkono ukae mbali na ngoma, si chini ya urefu wa kutoka kifundo cha mkono hadi kiwiko. Usijiviringie kamba kwenye kiganja hata mzigo ukiwa mdogo kiasi gani.

Wakati wa kulegeza, mkono mmoja unashika mkia, kiganja cha pili kinakaa bapa juu ya mizunguko, vidole vimenyooshwa na kuinuliwa. Unasukuma kwa kiganja kuelekea nyuma, sentimita mbili tatu kila mara, kamba inateleza kwa kunung'unika. Ukitaka kuachia yote, usifungue mzunguko mmojammoja kwa kuzungusha mkono kando ya ngoma. Nyanyua mkia juu wima na uvute, mizunguko inaruka yote kwa pamoja.

#14 Mzee_wa_Foromali
Vijana salaam. Nimesoma tangu juu. Nimezeekea kwenye majahazi, winchi hizi nimezikuta mwishoni.

Sisi tulitweka foromali kwa henza, watu sita au wanane, na wimbo. Kamba ilikuwa inazungumza na viganja. Upepo ukizidi unajua palepale kwa sababu mkono unaungua, na mtu hujiondoa mwenyewe. Winchi imelinyamazisha hilo. Kijana anashika mkia wenye uzito wa kilo mbili tatu, kama alivyohesabu msomi, na mita moja mbele yake kuna kilo mia tatu ambazo hazisikii kabisa. Hofu yake inalingana na kilicho mkononi, haifanani na kilicho kwenye kamba. Hapo ndipo watu wanakatika vidole, tena watu wasiokuwa wazembe.

Deki, kila unapotaka kugusa kamba, kwanza itazame ilikotoka hadi inakokwenda. Imekazana kiasi gani? Nani amesimama ndani ya mkunjo wake? Halafu ndiyo uiguse.

#15 NahodhaWaPili
Shikamoo mzee. Hii post naomba mods waipandishe juu.

#16 KusiKali
Shikamoo mzee. Na mbona kwenye jahazi kamba hazikupandana?

#17 Mzee_wa_Foromali
Marahaba wanangu. Demani, kamba ya kuongozea tanga, tulizungusha kwenye kigingi, mzunguko mmoja au miwili, tukashikilia. Ilipandana pia, tena sana ikiwa ya usumba imelowa. Ila tulikuwa na watu wa kuivuta.

#18 Deki_wa_Ghuba
Nipo Dubai kwenye yoti kubwa, winchi zetu ni za umeme. Nawaambia hivi: kama ya mkono inanyamazisha mzigo, ya umeme ni hatari mara kumi. Kamba ikipandana na mtu bado amekanyaga kitufe, mota haijui. Inaendelea kuvuta mpaka kitu kikatike, kamba, tanga au mkono wa mtu. Wapo walioingizwa mkono mzima kwa sababu kitufe kiligoma kurudi juu, au kwa sababu aliyebonyeza alikuwa anatazama tanga badala ya winchi.

Utaratibu wetu: anayebonyeza hatazami kitu kingine chochote, swichi kuu ya winchi iko mahali ambapo kila mtu anaijua, na mtu hapandishwi mlingotini kwa winchi ya umeme. Mlingotini tunatumia ya mkono na kamba ya pili ya akiba inayoshikwa na mtu mwingine.

Na namba zilizoandikwa kwenye winchi mzisome. Ile 40 maana yake winchi inazidisha nguvu yako mara 40 kwa mpini wa kawaida wa sentimita 25. Sukuma kilo 15 tu, kwenye kamba ni kilo 600 ukiacha zinazopotea kwa msuguano. Mpini ukiwa mgumu kuliko kawaida, simama. Mahali fulani kuna kitu kimekwama, na winchi ina nguvu za kukivunja.

#19 Deki_Mtwapa
Msomi, nimepapasa ngoma zote mbili. Ya kushoto imelainika kabisa, inang'aa. Ya kulia bado ina vinundu vidogo. Sasa nina sababu tatu na zote zinaonekana kweli.

#20 Mtu_wa_Grisi
Ongeza ya nne. Mmeshaifungua hiyo winchi? Toa kamba, zungusha ngoma kwa mkono. Inatakiwa izunguke yenyewe kidogo baada ya kuachia, na usikie yale meno yakigonga tik tik tik bila kukosa. Ikizunguka kwa uzito, mvutaji anapovuta ulegevu ngoma inasita halafu inaruka, na katika kule kusita ndimo kamba inapopandana. Winchi ya upande unaopigwa sana na maji ya chumvi huchakaa kwanza.

Na hili ni la usalama hasa: meno yale yakiganda kwa grisi iliyokauka au chumvi, yanaweza yasishike. Mpini unarudi nyuma kwa kasi na mzigo wote wa tanga nyuma yake. Umeshaona mtu aliyepigwa na mpini wa chuma usoni? Osheni kwa mafuta ya taa, grisi nyepesi iende kwenye gia, kwenye meno tia mafuta mepesi tu, grisi usitie. Kila mwaka mara moja si nyingi. Na mpini usiachwe kwenye winchi kazi ikiisha, urudishwe mfukoni mwake.

#21 mvuvi_wa_Shimoni
Swali lake la pili bado hamjalijibu. Ikishabana anafungua vipi?

#22 Fundi_Roda
Haki. Vidole visiguse pale ilipobana, hilo la kwanza.

Chukua kamba nyingine imara. Ifunge kwenye ile yenye mzigo, kati ya kapi na winchi, kwa fundo linaloshika kamba nyingine bila kuteleza: mizunguko miwili au mitatu upande itakakovutwa kamba hiyo ya pili, kisha pitisha juu ufungie upande wa pili. Ipeleke kwenye winchi ya upande wa joshini (unakotoka upepo) ambayo haina kazi wakati huo, ukaze polepole. Mzigo ukihamia kwenye kamba ya pili, ile iliyobana italegea, unaifungua taratibu. Watu wote wakae nje ya mstari wa kamba hizo mbili, kwa sababu fundo likiteleza zitaruka.

#23 BintiPate
Kabla ya hayo yote mwambie nahodha auelekeze mdomo wa chombo kwenye upepo, tanga lipigepige. Mara nyingi mzigo unapungua na kamba inaachia kwa kutikiswa mkia tu. Kama hamna nafasi ya kugeuza, hapo ndipo njia ya Fundi_Roda.

#24 NahodhaWaPili
Na kama kuna mwamba mbele, kisu. Shiti mpya, yaani kamba ya tanga, inanunulika.

#25 KusiKali
Kisu mimi sikubaliani kirahisi. Kamba yenye mzigo ukiikata inaruka na tanga linabaki linapiga ovyo, na lile fundo la kamba kwenye kona yake linaweza kumpasua mtu kichwa.

#26 NahodhaWaPili
Ndiyo maana nikasema kuna mwamba mbele. Unakatia karibu na winchi, kichwa chini, na kila mtu ameshaambiwa.

#27 jasho_la_deki
Glavu je? Mimi bila glavu sishiki kamba.

#28 Deki_wa_Ghuba
Glavu zinazobana mkono sawa. Zile pana za kazi za ujenzi usizisogeze karibu na winchi, kitambaa kinanaswa na kidole kinafuata. Pete pia ivuliwe, nywele ndefu zifungwe, lesso na kamba za kofia ya koti zichomekwe ndani.

#29 Mzee_wa_Foromali
Glavu zinampa mtu moyo wa kuishika kamba ambayo alitakiwa kuiacha. Mimi nilizikataa.

#30 jasho_la_deki
Mzee nakuheshimu, lakini viganja vyako vilikuwa sugu. Vyetu vya ofisini vinaungua kamba ikipita mara moja, na aliyeungua anaachia. Akiachia, mwenzake ndiye anayeumia.

#31 ughaibuni_Solent
Niko Uingereza, nilisoma ile kozi ya mwanzo ya baharia ya RYA, chama cha yoti cha huku, siku tano. Sehemu kubwa ilikuwa haya haya anayosema BintiPate. Nyongeza yangu ni kwenye aina ya kamba. Nailoni inanyumbuka sana, inafaa kwa nanga na kufungia bandarini, lakini ikikatika inarudi kama risasi. Shiti na henza nyingi ni poliesta, haivutiki sana. Daimina, zile nyuzi za kisasa nyepesi na imara sana, inavutika kidogo mno, kwa hiyo ikikatika inaanguka tu chini.

#32 Deki_wa_Ghuba
Hilo la mwisho rekebisha mkuu, linaweza kuua mtu. Machi 2015 meli ya gesi Zarga ilikuwa inafungwa South Hook, Milford Haven, hukohuko Uingereza. Kamba yake ilikuwa ya nyuzi za aina hiyo ya daimina. Ilikatika, ikarudi na kumjeruhi vibaya sana kichwani ofisa wa deki. Kamba ilikuwa imeungwa na mkia wa nyuzi zinazonyumbuka, na nguvu iliyojilimbikiza huko ndiyo iliyoirusha. Wachunguzi wa Uingereza, MAIB, wameandika ripoti nzima. Kwa hiyo usiangalie kamba moja, angalia kila kilichoungwa nayo.

Daimina pia inateleza na inayeyuka kwenye nyuzi joto 150 hivi, wakati poliesta inavumilia mpaka zaidi ya 250. Ukiiachia kwa kasi kwenye ngoma inaungua uso. Hapo ile hesabu ya 0.1 ya msomi ndiyo inayotumika.

#33 ughaibuni_Solent
Nimepokea, asante. Kwenye meli mlikuwa mnachora zile alama za njano za eneo la hatari?

#34 Deki_wa_Ghuba
Zamani tulichora. Sasa mwongozo wa Waingereza unashauri deki yote ya kufungia ihesabiwe kuwa hatari, maana alama ilimfanya mtu aamini akiwa nje ya mstari yuko salama.

#35 NahodhaWaPili
Kwenye yoti, kubwa kuliko hayo ni shiti ya tanga kuu. Septemba 2015 kwenye mbio za Clipper, za yoti kuzunguka dunia, kwenye yoti CV21, mtu alifariki baada ya tanga kuu kugeuka ghafla na shiti yake kumpiga. Mtu anaogopa boriti ya tanga iliyo juu ya kichwa, anaisahau kamba inayofagia deki chini yake. Deki, ukienda na upepo wa nyuma, eneo inapopita shiti hiyo hapakaliwi.

#36 Deki_Mtwapa
Wakuu nimerudi. Tulitoka jana na leo asubuhi. Nilirudisha kapi ya kushoto sawa na ya kulia, nikaanza na mizunguko miwili kama alivyosema NahodhaWaPili. Jana haikupandana. Leo nilikuwa usukani, mwenzangu akavuta, ikapandana tena, kushoto kulekule. Nahodha akaelekeza mdomo kwenye upepo, ikatikiswa, ikatoka. Hakuna aliyeigusa kwa vidole. Ngoma bado hatujaifungua.

#37 NahodhaWaPili
Umeona? Mvutaji.

#38 Mtu_wa_Grisi
Umeona? Winchi. Mvutaji mzuri anaificha kasoro yake, mwingine anaifichua.

#39 Fundi_Roda
Mwenzako ana urefu gani? Mtu mrefu akisimama anavuta mkia kwenda juu, na mizunguko yote inapanda ngoma. Avute akiwa amepiga goti, mkia uende bapa.

#40 Deki_Mtwapa
Ni mrefu, ananipita kichwa kizima. Sikuwa nimelifikiria. Jumamosi Mtu_wa_Grisi natoa ngoma na kuosha, nitaweka picha za meno. Nikikuta kuna chemchemi ndogo iliyovunjika nyuma ya meno, naweza kutumia ya kutengeneza mwenyewe au lazima ya kiwandani?

#41 Mtu_wa_Grisi
Ya kiwandani, na ubadilishe zote kwa pamoja. Fungulia juu ya ndoo, zinaruka na deki ina matundu.